Abd al-Malik, mfalme aliyeondoa sura juu ya dinari

Sote tunajua habari ya Injili juu ya wale watu waliotaka kumtega Bwana wetu kwa shauri la kodi. Aliwaomba wamwonyeshe feza ya kodi, akawauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Ilikuwa sura ya Kaisari. Feza ile iliitwa dinari.

Miaka mia sita na zaidi ilipita. Waarabu walikuwa wamekwisha kuteka Palestina, Siria na Misri, na Kaisari wa Konstantinopoli hakuwa tena na amri katika inchi hizo. Lakini sokoni watu waliendelea kununua na kuuza kwa zahabu yenye uso wa Kaisari na msalaba wa Kristu. Mtawala alikuwa Mwislamu, feza ilikuwa ya Wakristu, na watu waliona jambo hilo kuwa la kawaida. Halafu, karibu na mwaka wa 697, ilitoka dinari mpya. Haikuwa na uso wa Kaisari, wala msalaba, wala sura ya mtu ye yote. Ilikuwa na maandishi ya Kiarabu tu, pande zote mbili.

Mwenye kuamuru jambo hilo aliitwa Abd al-Malik, mwana wa Marwan, aliyetawala tangu mwaka wa 685 hata mwaka wa 705. Tunataka kueleza maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, katika masomo ya historia ya Eklezya, mara nyingi tunafuata Yeruzalemu na Damasko mpaka siku Waarabu walipoingia, kisha tunageuza macho kutazama Roma na Konstantinopoli. Kumbe, Wakristu waliendelea kuishi kule, kulima, kusali na kulipa kodi, na inafaa tujue chini ya nani. Pili, kila mtu anayetawala makabila mengi yenye luga nyingi anapatwa na ulizo moja: ni kitu gani kitakachowafanya watu hawa kuwa ufalme mmoja? Abd al-Malik alitoa jibu lake, na jibu hilo lilidumu kuliko ukoo wake.

1. Mtoto wa Madina

Abd al-Malik alizaliwa Madina karibu na mwaka wa 646, miaka 14 hivi baada ya kifo cha Muhammad. Alikuwa wa kabila la Quraysh, na wa ukoo wa Umayya. Watu wa ukoo huo walikuwa matajiri wa Makka. Wengi wao walimpinga Muhammad kwanza, wakaingia dini yake baadaye. Wakati wa kuzaliwa kwake, mtu wa ukoo huo, jina lake Uthman, alikuwa khalifa. Neno hilo la Kiarabu maana yake ni mwenye kushika nafasi ya mwingine. Waislamu walimwita hivyo mkubwa wao, aliyeongoza watu baada ya Muhammad. Marwan, baba yake Abd al-Malik, alikuwa ndugu wa Uthman na mwandishi wake.

Mwaka wa 656 waasi walizunguka nyumba ya Uthman mjini Madina, wakamwua. Abd al-Malik alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na mapokeo yanasema alikuwa karibu na mambo hayo. Mauaji hayo ndiyo yaliyofungua mlango wa vita vya Waislamu kwa Waislamu. Mtu aliyeona mambo ya namna hiyo katika utoto wake hasahau upesi kwamba ufalme unaweza kupasuka kwa siku moja.

Kijana huyo hakukulia katika kambi ya askari, bali kati ya wasomi wa Korani. Waandishi wa Waislamu wanamhesabu kati ya wenye elimu ya sheria wa Madina. Wanasimulia pia kwamba siku alipopata habari ya kwamba amekuwa khalifa, alikuwa na Korani mikononi mwake, aliifunga, akaiaga. Hadisi hiyo yaonekana ilitungwa na watu wasiopenda ukoo wake. Hata hivyo inaonyesha jambo ambalo wengi waliona: mtu aliyependa kitabu alilazimishwa kuchagua kati ya kitabu na enzi, au pengine alitaka kushika vyote viwili.

2. Ufalme uliopasuka

Mwaka wa 680 Husayn, mjukuu wa Muhammad, aliuawa Karbala pamoja na jamaa yake na askari wa khalifa Yazid, wa ukoo wa Umayya. Jambo hilo liliwachoma Waislamu wengi moyoni, na mpaka leo Washia wanaomboleza siku hiyo kila mwaka. Mwaka wa 683 watu wa Madina waliwafukuza watu wa ukoo wa Umayya, na Abd al-Malik alitoka mji aliozaliwa kama mkimbizi. Yazid alikufa mwaka uleule. Mtoto wake alitawala muda mfupi tu, akafa naye. Mjini Makka Abdallah ibn al-Zubayr alijitangaza khalifa, na inchi nyingi zilimkubali.

Mwaka wa 684 wakubwa wa Siria walimchagua Marwan, mzee aliyekuwa na miaka 60 hivi. Alishinda vita huko Marj Rahit, karibu na Damasko, akarudisha Misri mkononi mwake, kisha akafa katika mwaka wa 685. Hivyo Abd al-Malik akarithi enzi akiwa na miaka 39 hivi.

Tuangalie alichorithi. Alikuwa na Misri, chini ya ndugu yake Abd al-Aziz, na sehemu kubwa ya Siria. Uarabuni na mji mtakatifu wa Makka vilikuwa vya Ibn al-Zubayr. Mjini Kufa, mtu aliyeitwa al-Mukhtar alisimama kulipiza kisasi cha Husayn. Mjini Basra alitawala Musab, ndugu yake Ibn al-Zubayr. Mahali pengine walikuwapo Makhariji, waliosema kwamba Mwislamu mwenye kutenda zambi kubwa si Mwislamu tena, na kwamba khalifa asiye mwenye haki sherti aondolewe. Kaskazini alingoja Kaisari, pamoja na watu wa milima ya Lebanoni waliomtumikia. Katika mwaka wa 686 Abd al-Malik alituma jeshi Iraki, nalo likavunjwa kabisa kando ya mto Khazir na watu wa al-Mukhtar.

3. Miaka saba ya kungojea na ya vita

Mtu mwenye haraka angalipeleka jeshi la pili. Abd al-Malik alingojea. Aliwaacha adui zake wapigane wao kwa wao, na katika mwaka wa 687 Musab alimshinda al-Mukhtar na kumwua. Hivyo adui mmoja aliondoka pasipo Abd al-Malik kutoa askari hata mmoja. Kwa upande wa Kaisari Justinian wa Pili, alinunua amani. Alikubali kumlipa zahabu nyingi, pamoja na farasi na watumwa. Kwa khalifa jambo hilo lilikuwa aibu, lakini alijua kwamba aibu ya kulipa inapita, na ufalme ukivunjika haurudi.

Si kila alilolifanya linaweza kusifiwa. Mtu wa ukoo wake, Amr ibn Said, aliyekuwa ameahidiwa kurithi enzi, alishika mji wa Damasko wakati Abd al-Malik alipokuwa safarini kwa vita. Abd al-Malik alirudi, akampa ahadi ya usalama, na Amr akafungua mji. Kisha alimwita katika jumba lake, akamwua. Na masimulizi yanasema alifanya hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Waislamu walikumbuka jambo hilo kama kuvunja neno, nasi hatuna haja ya kuliita kwa jina lingine.

Mwaka wa 691 alikwenda mwenyewe Iraki. Majeshi yalikutana huko Maskin, karibu na monasteri ya Wakristu iliyoitwa monasteri ya Katolikosi, ndiye patriarka wa Eklezya ya Mashariki. Musab aliachwa na wengi wa wakubwa wake, waliokuwa wamekwisha kupokea barua na ahadi za Abd al-Malik. Walikuwa wamejuana zamani, na Abd al-Malik alimwahidi usalama. Musab alikataa, akafa akipigana.

Ikabaki Makka. Abd al-Malik hakuenda mwenyewe. Alimtuma mtu wa mji wa Taif aliyekuwa kwanza mwalimu wa watoto, jina lake al-Hajjaj ibn Yusuf. Al-Hajjaj aliuzunguka mji zaidi ya miezi sita, akautupia mawe kwa mitambo ya vita, na mawe yaligonga hata Kaaba. Waislamu wanasimulia habari ya Asma, mama yake Ibn al-Zubayr, mwanamke mzee sana. Mwanawe alimwendea, akamwambia anaogopa adui watautendea mwili wake vibaya. Mama akamjibu kwamba kondoo aliyekwisha kuchinjwa haoni tena uchungu anapochunwa. Ibn al-Zubayr alitoka, akauawa, katika mwaka wa 692. Mwaka huo uliitwa mwaka wa umoja. Jina hilo lilitolewa na walioshinda.

4. Jumba juu ya mwamba

Wakati huohuo wa vita, Abd al-Malik alikuwa akijenga Yeruzalemu. Mahali palipokuwa zamani Hekalu la Wayahudi alisimamisha jumba la pande nane juu ya mwamba, lenye kuba kubwa. Wanaliita Kuba ya Mwamba, na mpaka leo lasimama. Si jumba la sala ya Ijumaa. Ni jumba la heshima, lenye nafasi ya watu kuzunguka mwamba. Maandishi yake yanataja mwaka wa 72 wa Waislamu, yaani mwaka wa 691 au 692.

Kwa nini alilijenga? Mwandishi al-Yaqubi alisema kwamba khalifa alitaka watu wa Siria wasiende Makka, iliyokuwa mkononi mwa adui yake. Al-Muqaddasi, mtu wa Yeruzalemu wa karne ya 10, anasimulia sababu nyingine aliyoambiwa na ndugu wa baba yake: Abd al-Malik aliona ukubwa wa kuba ya Kanisa la Ufufuko, akaogopa isije ikavuta mioyo ya Waislamu. Sababu hii ya pili inapatana na jiwe lenyewe, kwa maana upana wa kuba yake wakaribia sana ule wa kuba ya Kanisa la Ufufuko.

Tena, ndani ya jumba yamo maandishi ya zahabu yenye urefu wa meta 240 hivi. Sehemu yake kubwa inasema na Wakristu. Yanamtaja Yezu kwa heshima kama mwana wa Maria na mjumbe wa Mungu, lakini yanakana kwamba Mungu ana Mwana, na kuwaonya watu wa Kitabu wasiseme utatu. Hapa sherti tuelewe vema. Mpaka wakati ule Wakristu wengi wa Siria waliwadhani Waarabu kuwa watu wa vita tu, waliotumwa na Mungu kwa ajili ya zambi zao, na kwamba wangepita. Kumbe sasa mtawala alijibu imani yao kwa maneno, katika mji wao mtakatifu, juu ya ukuta usiotazamiwa kuanguka. Aliwaambia kwamba amekuja kukaa.

Kuna jambo moja la kuchekesha kidogo. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, khalifa al-Mamun wa ukoo mwingine aliamuru jina la Abd al-Malik lifutwe katika maandishi na jina lake mwenyewe litiwe mahali pake. Mafundi walibadili jina, wakasahau kubadili mwaka. Hivyo mwaka wa 72 unamshuhudia mwenye kazi mpaka leo.

5. Karatasi na dinari

Misri ilikuwa inchi ya mafunjo, na karatasi za mafunjo zilikwenda mpaka Konstantinopoli. Waandishi wa Misri, kwa kuwa walikuwa Wakristu, walizitia juu alama za imani yao. Mwandishi al-Baladhuri anasimulia kwamba Abd al-Malik aliamuru alama hizo ziondolewe na maneno ya Waislamu yatiwe mahali pake. Kaisari akakasirika, akamtishia kwamba ataandika juu ya dinari zake maneno ya kumtukana Muhammad. Ndipo khalifa alipoamua kutengeneza dinari yake mwenyewe, asitegemee tena zahabu ya Kaisari.

Ikiwa mambo yalikwenda hivyo kabisa au siyo, sarafu zenyewe zimebaki, nazo zatuonyesha hatua zake. Kwanza mafundi walifuata dinari ya Kaisari, lakini wakavunja msalaba: mti ulibaki juu ya ngazi zake, mikono yake ikaondolewa. Kaisari Justinian wa Pili, kwa upande wake, alitia sura ya Kristu juu ya zahabu yake, jambo ambalo hakuna Kaisari aliyelifanya kwa desturi mbele yake. Halafu, tangu mwaka wa 693 hivi, Abd al-Malik alitoa dinari zenye sura yake mwenyewe, amesimama, mwenye ndevu, mkono juu ya upanga. Tangu mwaka wa 77 wa Waislamu, yaani mwaka wa 696 au 697, sura hiyo nayo ikaondoka. Yakabaki maandishi: ungamo la Mungu mmoja, maneno ya Korani, na mwaka. Hata jina la khalifa halikuwamo.

Tutazame mfuatano huo kwa uangalifu. Aliondoa uso wa Kaisari, akatia wake; kisha akaondoa na wake. Hatujui wafalme wengi waliotoa uso wao juu ya feza kwa mapenzi yao wenyewe. Uzito nao ulibadilika. Dinari ya Kaisari ilikuwa na gramu nne na nusu hivi, mpya ilikuwa na gramu 4.25. Miaka miwili baadaye feza nyeupe, iliyoitwa dirhamu, ilitengenezwa kwa namna ileile, nayo iliondoa ile ya Waajemi yenye sura ya mfalme wao na madhabahu ya moto. Sasa mtu wa Misri na mtu wa Iraki walishika feza za namna moja, zenye maneno yale yale.

Mfano huo ulifuatwa karne nyingi, na mbali sana. Hata sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki, zilizotengenezwa zaidi ya miaka 300 baadaye, zina maandishi ya Kiarabu bila sura.

6. Luga ya vitabu vya kodi

Waarabu walipoteka inchi, hawakuwa na makarani wa kutosha. Wakawaacha makarani wa zamani katika kazi yao. Siria na Misri waliandika hesabu za kodi kwa Kigiriki, na Iraki kwa Kiajemi. Mjini Damasko kazi hiyo ilikuwa mkononi mwa jamaa moja ya Wakristu, jamaa ya Mansur. Mansur alikuwa mkubwa wa feza hata kabla Waarabu hawajaingia mjini. Mwanawe Sarjun alishika vitabu vya makhalifa baada yake.

Mwaka wa 697 hivi al-Hajjaj aliamuru vitabu vya Iraki viandikwe kwa Kiarabu, na karani Salih ibn Abd al-Rahman, aliyejua luga zote mbili, akaifanya kazi hiyo. Mwaka wa 700 hivi Abd al-Malik aliamuru vivyo hivyo kwa Siria, na kazi akapewa Sulayman ibn Sad. Misri ilifuata karibu na mwaka wa 705.

Tusifikiri kwamba luga ya zamani ilikufa siku moja. Katika Misri ya juu zimepatikana barua nyingi za mtawala Qurra ibn Sharik, aliyetawala miaka ya 709 hata 715. Na nyingi ni za Kigiriki bado. Amri inatoka kwa siku moja, lakini mkono wa karani haujifunzi upesi hivyo. Hata hivyo njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Baba aliyetaka mtoto wake apate kazi ya serikali alijua sasa ampeleke kujifunza luga gani. Nyumba zilizokula mkate kwa kalamu ya Kigiriki ziliona mlango ukifungwa polepole.

Mwana mmoja wa jamaa hiyo ya Mansur tunamjua sote, ndiye Mtakatifu Yoane wa Damasko. Mapokeo yanasema naye alifanya kazi mjini mwake kabla ya kuacha yote na kwenda kuishi kimonaki katika inchi ya Yeruzalemu, katika monasteri ya Mtakatifu Saba. Huko aliandika kitabu chake kikubwa cha mafundisho ya imani, na alitetea heshima ya picha takatifu. Kaisari aliyezikataza hakuweza kumkamata, kwa sababu Yoane aliishi chini ya khalifa. Mwaka wa 1890 Papa Leo wa 13 alimtangaza Mwalimu wa Eklezya.

7. Waliolipa

Mpaka hapa mtu aweza kusema kwamba Abd al-Malik alikuwa mjenzi mkubwa wa serikali, na ni kweli. Lakini sherti tuulize pia kama seminaristi anayejifunza kuchunga watu: ni nani aliyelipa?

Wamonaki wa Zuqnin, karibu na mji wa Amida, waliweka kumbukumbu kwa luga ya Kisiria. Kitabu chao, kilichoandikwa karibu na mwaka wa 775, kinasema kwamba katika mwaka wa 691 au 692 Abd al-Malik alifanya hesabu ya watu. Kila mtu alilazimishwa kurudi katika kijiji cha baba yake na kuandikisha jina lake, mizabibu yake, mizeituni yake, mifugo yake na watoto wake. Zamani, wanasema, wafalme walichukua kodi ya shamba. Tangu siku ile ilichukuliwa kodi ya kichwa cha mtu. Kwa wamonaki hao, huo ulikuwa mwanzo wa mateso ya watu wa inchi yao. Zaidi ya miaka 80 ilikuwa imepita, na watu hawakusahau.

Waislamu wapya nao hawakupona. Iraki wakulima wengi waliingia dini ya Waislamu, wakaacha mashamba na kwenda mijini, wakitumaini kuwa sawa na Waarabu. Al-Hajjaj, aliyefanywa mtawala wa Iraki mwaka wa 694, aliwafukuza warudi vijijini kulipa kodi kama zamani. Walikuwa wameamini maneno yaliyoandikwa juu ya dinari, kisha wakaona kwamba hazina ilitazama shamba lao kuliko imani yao. Wengi wao waliingia katika uasi wa Ibn al-Ashath, na uasi huo ulivunjwa kwa damu nyingi mwaka wa 701. Abd al-Malik alijua ukali wa mtumishi wake, lakini hakumwondoa, kwa sababu kodi ilifika.

Upande wa magaribi, katika mwaka wa 698, jeshi lake chini ya Hassan ibn al-Numan liliteka Kartago, mji wa Mtakatifu Sipriano. Jamaa za Wakristu ziliendelea kuishi kule muda mrefu bado, zikipungua karne kwa karne. Lakini hiyo ni habari nyingine, nayo yahitaji makala yake.

8. Mwisho wake

Abd al-Malik alikufa Damasko mwezi wa oktoba, mwaka wa 705, mwenye miaka karibu 60. Wana wake wanne walitawala baada yake: al-Walid, Sulayman, Yazid na Hisham. Kwa hiyo watu walimwita baba wa wafalme. Al-Baladhuri anasimulia kwamba aliwaomba Wakristu wa Damasko wampe kanisa la Mtakatifu Yoane Mbatizaji, akawaahidi mali nyingi. Walikataa, naye akawaachia. Al-Walid, mwanawe, hakungoja kukubaliwa. Alilitwaa, akajenga pale msikiti mkubwa unaosimama mpaka leo. Baba alikuwa ameifanya serikali kuwa na nguvu. Mwana akaitumia nguvu ile mahali baba aliposita.

Ukoo wa Umayya ulianguka mwaka wa 750. Makaburi ya makhalifa wake yalifukuliwa na adui zao. Lakini walioshinda hawakurudisha Kigiriki katika vitabu vya kodi, wala uso juu ya dinari, wala hawakubomoa Kuba ya Mwamba. Upanga ulimpa Abd al-Malik enzi, na upanga mwingine uliiondoa kwa ukoo wake. Jiwe, feza na luga vilibaki. Hilo ndilo jibu lake kwa ulizo tulilotaja mwanzoni: watu wanakuwa ufalme mmoja wanaposhika feza moja, wanaposoma maneno yale yale na wanapotazama kuba ile ile. Ni jibu la mtu mwenye akili nyingi. Upungufu wake waonekana katika kitabu cha wamonaki wa Zuqnin: mtu aweza kuandikwa katika daftari ya ufalme bila kupendwa na ufalme ule.

Na Wakristu, walifanya nini? Wengine waliomboleza Kigiriki chao. Yoane wa Damasko aliandika kwa Kigiriki mpaka mwisho. Lakini baada yake alitokea Teodoro Abu Qurra, askofu wa Harran, aliyezaliwa karibu na mwaka wa 750. Yeye ni mmoja wa Wakristu wa kwanza walioandika teolojia kwa Kiarabu. Alichukua luga ileile iliyoandikwa ndani ya Kuba ya Mwamba kukana Utatu Mtakatifu, akaeleza kwayo Utatu Mtakatifu. Abd al-Malik alifikiri kwamba luga yake ingekuwa mali ya dini yake peke yake. Eklezya haikubishana naye juu ya luga, ilijifunza.

Nasi tunaposema Kiswahili tunatumia kila siku maneno yaliyopita katika njia zile. Karatasi ni neno la Kigiriki lililoingia Kiarabu, na kalamu vilevile. Dinari ni neno la Waroma. Hakuna aliyeuliza maneno hayo yalikuwa ya dini gani yalipovuka bahari na ziwa kutufikia. Yalikuja mikononi mwa wafanyabiashara, wengine wao wakiwa wenye kuuza watu, na leo tunayaandika juu ya karatasi zetu kueleza Injili. Padri anayeona luga, feza na sheria za inchi yake zikigeuka asianze kwa kulia. Aanze kwa kujifunza vema, halafu amtazame yule mtu wa kijijini ambaye jina lake, mizabibu yake na watoto wake vimeandikwa katika daftari, aone kama kuna mtu anayemjua kwa jina kwa sababu nyingine isiyo kodi.